Namba Iliyoshuka

Binti yangu ana jino la mbele linaloning'inia. Tangu jana analisukuma kwa ulimi, na leo tukiwa mezani akaniuliza, "Mama, na lile lako la kupandikizwa, linatikisika?" Nikamwambia halitikisiki. Akauliza tena, "Umejuaje?"

Nilijua kwa kupimwa. Na kipimo ninachokikumbuka ni kile cha wiki ya nne baada ya upasuaji.

Kidonda kilikuwa kimefunga, maumivu yameisha, na usingizi umerudi. Nilikwenda nikiwa na hakika ya kusikia habari njema. Daktari alifungua kifuniko kwenye fizi, akachukua kijiti kifupi chenye sumaku kichwani, akakikaza kwa vidole juu ya kipandikizi, yaani skrubu ya titani iliyokuwa ndani ya taya la chini. Kisha akasogeza ncha ya kifaa chake karibu na kijiti, bila kukigusa. Ukasikika mlio mfupi. Mimi sikuhisi chochote, hata mguso. Hapo alikuwa amepima kutoka upande wa shavu. Akageuza mkono, akapima kwa kufuata mstari wa meno, kwa kuwa mfupa haushiki sawasawa pande zote. Ukaja mlio wa pili. Akatazama kioo cha kifaa, akarudia yote tangu mwanzo bila kusema neno, nami nikiwa nimeachama, macho yangu usoni pake.

62. Siku ya upasuaji ilikuwa 73.

"Daktari, kinalegea?" niliuliza mara tu alipotoa mikono.

Akavuta kiti akakaa, jambo lililonitisha zaidi. Akanieleza kwamba kifaa hutoa mapigo ya sumaku, kijiti kinatetemeka, na mfupa ukikishika kipandikizi kwa nguvu, mtetemo unakuwa wa kasi zaidi. Kasi hiyo hugeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 100, inayoitwa ISQ. Siku ya kwanza skrubu hushikwa kwa kubanwa tu na mfupa uliokuwepo. Baadaye mwili huanza kuuondoa mfupa uliojeruhiwa na kujenga mwingine, na kwenye wiki ya tatu au ya nne ule wa zamani umeshapungua huku mpya bado mchanga. "Ndipo ulipo sasa, dada," akasema. "Ingeshuka chini ya 60 ningehangaika. Hii tunaisubiri. Upande huo usiutafunie kabisa."

Nikamuuliza waliotangulia walijuaje. Akachukua kioo chake cha mdomoni na kuugonga mpini wake ukingoni mwa meza. Walikuwa wakikigonga kipandikizi hivyo na kusikiliza: mlio mkavu, mkali, ni dalili njema, mlio mzito unatia shaka. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyempandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, alifuata njia ya subira: miezi 3 kwa taya la chini, 6 kwa la juu, kabla ya kukibebesha kipandikizi uzito wa jino. Njia hii ya mtetemo ilikuja miaka ya 1990 kwa utafiti wa Neil Meredith na wenzake.

Nilisubiri. Nilikula uji na vitu laini, nikatafunia upande mmoja hadi taya likachoka. Kipimo kilichofuata kilisoma 75, jino likawekwa, na tangu hapo halijanisumbua.

Lakini ile 62 haijanitoka. Mwili wangu mwenyewe ulikuwa umeniambia nimepona, na ni mtetemo nisioweza hata kuuhisi uliosema subiri. Pengine ningetafunia upande ule na kipandikizi kingeshika vilevile. Wapo ambao kwao hushika. Pengine kingeng'oka. Nilimuuliza daktari siku ile ya mwisho angeweka dau upande gani. Akasema yeye hawekei dau mfupa wa mtu, ndiyo maana anapima.