Siku niliyozunguka na mwendokasi

Hii sijawahi kumwambia mtu, hata dada hajui. Ilikuwa 2018, mama amelazwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ana saratani ya shingo ya kizazi, kaandikiwa mionzi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mimi kitinda mimba nisiye na mke wala kazi ya kueleweka ndo nikaonekana nina nafasi. Wengine walituma hela na pole kwenye grupu la familia. Hela zilisaidia sana, siwasemi vibaya.

Saa kumi alfajiri napika uji wa ulezi, natia kwenye chupa, napanda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, Kimara mpaka Kivukoni, halafu natembea kwa mguu ile njia ya baharini. Akishakunywa narudi Kimara kupika cha mchana, nakuja tena, narudi, nakuja tena jioni. Na katikati ya hapo simu sasa. "Mgonjwa anaendeleaje?" Mjomba, shangazi, majirani wa Singida, mpaka mtu aliyesoma nae darasa la nne. Najibu anaendelea vizuri wakati mkononi nina mfuko wa rambo una nguo zake nakwenda kuzifua, maana mionzi ilimharisha sana, na ule mfuko alinipa huku kageukia ukutani, mtoto wa kiume na nguo za ndani za mama yake jamani.

Sasa siku hiyo, wiki ya nne, nimetoka kumnywesha uji nikapata siti ya dirishani. Simu ikazima chaji pale Magomeni. Nikasikia raha mpaka nikaona aibu. Kufika Kimara watu wakashuka na mimi nikashuka, ila badala ya kwenda nyumbani nikakata tiketi nyingine ya 650 nikarudi Kivukoni. Halafu tena Kimara. Nauli ya watu imetumwa kwa ajili ya mgonjwa mimi nazunguka nayo.

Raundi ya tatu, tunapita Manzese, nikajikuta nawaza haya mambo yakiisha nitalala siku tatu mfululizo sitaki mtu anigongee mlango. Nikaipanga kabisa, na feni nitawasha. Ndo nikajiuliza, yakiisha vipi? Maana kuna kuisha kwa namna mbili, na mimi nilivyokuwa nahesabu usingizi wangu sikuwa nimeuliza ni ipi.

Nililia pale pale. Pembeni yangu kuna mama ana ndoo ya samaki wa Feri, akaniangalia, akaivuta ndoo yake kidogo miguu yangu ikae vizuri, akaendelea kuangalia mbele.

Nilifika wodini saa nane mchana sina wali sina mboga, nina machungwa mawili.

"Ulilala?"

"Hapana mama, foleni."

"Mwendokasi nayo siku hizi ina foleni?"

Akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka, na alicheka mpaka akajishika tumbo, sijui lilimuuma. Nikamenya chungwa nikampa, akachukua vipande viwili tu, kingine akanisogezea mdomoni kama mtoto, macho yako yamevimba we, kula. Nikala. Nikaegemeza kichwa pembeni ya kitanda nimsikilize vizuri, anahadithia mambo ya mbuzi wa jirani, na nilichosikia baada ya hapo ni nesi ananitikisa bega, kaka muda wa kuona wagonjwa umeisha.