Kilima cha Mzee

Nimerudi juzi, nimeoga mara tatu na mchanga wa mto Luwegu bado unatoka masikioni. Kazi ya kupima ramani imekwisha salama. Droni moja ilitumbukia mtoni, na mkuu wa timu alitusimamisha katikati ya maji, kwenye ramani lakini, kwa sababu GPS ilikuwa kwenye WGS84, mfumo wa sasa wa kutaja mahali, na ramani ile kuukuu ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani. Tofauti ni kama mita 300. Tulicheka, tukaendelea.

Kinachonikereketa ni Mzee, yule askari mstaafu wa wanyamapori niliyewasimulia. Nilimtandazia ramani ya 1:50,000 kwenye boneti ya gari, nikamwonyesha kwa mbwembwe Kilombero na Luwegu zinapokutana zikawa Rufiji. Akaufuata mto kwa kidole, taratibu. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, kilima changu kiko wapi?"

"Kipi, Mzee?"

"Kile tulichokaa siku tatu, mvua za El Niño, maji yametuzunguka."

Nikaanza somo: kontua, ile mistari ya kimo kwenye ramani, zinapanda kila mita 20, kilima kifupi kinaweza kupotea kati ya mstari na mstari.

"Kwa hiyo hakikutosha."

"Hakikutosha, Mzee."

"Sisi kilitutosha."

Akavaa kofia yake, akaenda kuchochea moto.

Hakukasirika, ndiyo maana inauma. Njia nzima, kuanzia Ifakara, nimekuwa nikijibu upya kichwani. Ningesema "bado". Ningesema "tutakiweka". Mimi nikasema hakikutosha, kama mwalimu anayerudisha daftari! Na hapo chini mtoni, korongo zima lilibeba jina la Stiegler zaidi ya miaka mia, mgeni aliyeuawa na tembo mwaka 1907. Yeye alitosha.

Jana usiku nikafungua data. Kumbe siku ya nne tulikipima! Mita 14 juu ya bonde. Kontua hakina, lakini hakuna anayekataza kuweka nukta na namba ya kimo. Nikaweka. Nikajikuta nacheka peke yangu saa saba usiku, Baba Zuhura akageukia ukutani.

Kisha nikafika kwenye kisanduku cha jina. Sikumuuliza. Siku zote zile, sikumuuliza kinaitwaje.

Nimeandika ujumbe kwa dereva ampelekee simu.

Halafu Mama hapokei tangu asubuhi. Dada anasema labda simu imezima chaji. Chaji gani, na LUKU nimemnunulia juzi?