Imezimwa, Mbona Inalipiwa?

Juzi kijana wetu wa fildi aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta akaniuliza, "Dada, hii seva inayoitwa usiguse, nani kaipa jina hili?" Nikamwambia amalize kwanza bekapu, hadithi yake ndefu. Akarudi kwenye kazi yake. Mie ndiye niliyeshindwa kurudi kwenye yangu, nikabaki naifikiria ile Ramadhani ya 2024, mkekani kwa Bi, Kikwajuni, Unguja.

Bi mnamjua. Mhasibu wetu, yule asiyeikubali ripoti yoyote mpaka ainakili kwa mkono wake kwenye kaunta buku. Mwanzoni mwa Machi ile, ankara ya AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, ilikuja na mstari mpya. Kuanzia tarehe 1 Februari walianza kutoza kila anwani ya IPv4 ya hadharani, yaani namba inayoifanya seva ifikiwe kutoka kwenye intaneti, nusu senti ya dola kwa saa, iwe inatumika au imekaa tu. Kwa mwezi ni kama dola 3.6 kwa anwani moja. Kiasi chenyewe hakikumshughulisha Bi. Kilichomkera ni idadi. "Mwanangu, uliniambia seva ni chache. Hizi anwani zote za nini?"

Jibu sikuwa nalo, na ofisi nzima hapakuwa na aliyekuwa nalo. Mfumo wa hoteli aliuanzisha Maalim, fundi aliyetutangulia, mwaka 2018, akauweka Ireland, kwa sababu AWS hawakuwa bado na kanda, yaani eneo la vituo vya seva zao, Afrika. Cape Town ilifunguliwa 2020. Waliomfuata walipendelea Azure ya Microsoft, wakachagua Johannesburg. Kisha kikaja kipindi cha kubana matumizi, vitu vidogo vidogo vikahamishiwa kampuni ya tatu, DigitalOcean. Kila aliyeondoka alikabidhi nywila zake vizuri, lakini hakuna aliyekabidhi sababu za alichokifanya. Maalim mwenyewe alikuwa keshahamia Muscat.

Nilikuwa nimeanza kutumia programu inayoitwa Steampipe, na naisifu mpaka leo. Inawasha hifadhidata ya Postgres ndani ya kompyuta yako, halafu kila plagini, kipande cha kuiunganisha na kampuni fulani, inakuletea majedwali: la seva za AWS, la seva za Azure, la DigitalOcean, na mengine mengi. Majedwali hayo hayana data ndani. Ukiuliza kwa SQL, lugha ya kuulizia data, ndipo inapokwenda kugonga API za wenyewe, yaani milango ya programu kuulizana, na kukurudishia hali ilivyo dakika ile. Badala ya kufungua kurasa tatu za kampuni tatu, kila moja na mpangilio wake, unaandika swali moja. Nikamwambia Bi naweza kumwonesha vyote kwa pamoja. Akasema, "Basi njoo baada ya tarawehe. Usiku sitoki."

Nikaenda. Joto la mwisho wa kaskazi lilikuwa limesimama ndani ya nyumba, watoto wanapiga kelele kichochoroni, na sahani ya kaimati iko kati yetu, inanukia hiliki. Simu niliiegesha dirishani kwa ajili ya intaneti, maana kwengine kote mtandao ulikuwa unakatika. Bi akavaa miwani, akafungua kaunta buku ukurasa mpya, akachukua rula na penseli akapiga mistari. Juu ya kila safu akaandika kichwa, taratibu, kwa hati ile ya watu waliosomeshwa kuandika: Jina. Mahali. Tangu lini. Hali. Inalipiwa? Ya nani.

"Nipangie hivi hivi," akasema.

Basi swali langu nikalivunja, nikaliandika upya kufuata safu zake:

select title as jina, region as mahali, launch_time as tangu, instance_state as hali from aws_ec2_instance

Chini yake nikaweka union all, ya kuunganisha majibu, nikaandika la Azure, union all tena, la DigitalOcean. Bi alikuwa anafuata kila neno. Maalim alikuwa akitwambia kwamba Chamberlin na Boyce, walipoitunga lugha hii IBM mwaka 1974, walitaka hata mtu asiye mtaalamu wa programu aweze kuuliza data yake mwenyewe. Usiku ule nilimwona mtu huyo. Bi hajaandika programu hata siku moja, na alinisimamisha kuniuliza mbona kwenye mstari wa Azure nimesahau "mahali".

Kabla ya kubonyeza nilihakikisha kwamba kwenye faili la usanidi wa AWS, sehemu ya kanda, pana nyota. Bila ya nyota ile unaulizia kanda yako ya kawaida tu. Ukiiweka, inazunguka dunia nzima. Kwa hivyo jibu lilichelewa. Tulikaa tunakitazama kishale kinavyopepesa, Bi akala kaimati moja, akanisogezea sahani. Halafu mistari ikashuka yote kwa mkupuo.

Sijui niseme vipi. Nimefanya kazi hii miaka, na sikuwahi kuviona vitu vyetu vyote vimekaa pamoja. Ireland, Johannesburg, Frankfurt, vimepangana kwa tarehe, cha zamani juu na kipya chini, kama watu waliosimama kwenye foleni moja. Bi akawa anasoma kwa sauti, kidole kinafuata kioo bila ya kukigusa, na mkono wa pili unaandika.

Alipofika safu ya Hali akasimama. "Hii ya DigitalOcean imeandikwa off. Si imezimwa?"

"Imezimwa, Bi."

"Na hii ya AWS, stopped. Nayo imezimwa?"

"Nayo."

"Sasa mbona kwenye ankara moja inalipiwa na nyengine hailipiwi?"

Hapo tulikaa muda mrefu kuliko popote, na hapo ndipo nilipojifunza. Seva ya AWS, wenyewe wanaiita EC2, ukiisimamisha, unaacha kulipia mashine, unabaki kulipia diski. Dropleti, yaani seva ya DigitalOcean, ukiizima, unaendelea kulipa ile ile mpaka uifute, kwa sababu nafasi yako bado wamekuwekea. Azure ndiyo yenye mtego zaidi: ukiizima kwa ndani, kutoka kwenye Windows au Linux yenyewe, inaandikwa stopped na bili inatembea. Lazima izimwe kwa upande wa Azure mpaka iandikwe deallocated. Kwa hivyo stopped ya AWS na stopped ya Azure haziko sawa hata kidogo mbele ya mhasibu.

Mambo haya, moja moja, nilikuwa nayajua. Kuyaona yamekaa kwenye safu moja, na mtu mzima mwenye haki ya kuuliza ananitazama, ni jambo jengine. Nikaandika case when, yaani "ikiwa hivi, jibu vile", kwa kila kampuni, safu ya Inalipiwa ikajibu ndiyo au hapana. Bi akazungushia duara kila palipokuwa na "imezimwa" na "ndiyo" kwenye mstari mmoja. Nikaongeza swali la diski za AWS zenye hali ya available, yaani hazijaungwa na seva yoyote, na la anwani zisizoshikwa na kitu. Duara zikaongezeka.

Ikabaki safu ya mwisho.

"Ya nani?"

Nikamweleza kwamba data hiyo hutoka kwenye tagi, vibandiko vya maelezo vya kila seva, na tagi mtu huziweka kwa hiari yake. Nikaziita. Karibu zote zilirudi null, yaani tupu. Bi akaiacha safu nzima nyeupe, akaweka penseli chini. "Kompyuta inajua mpaka saa na dakika kitu kilipowashwa," akasema, "na haijui cha nani."

Mstari wa juu kabisa, wa zamani kuliko yote: usiguse, Ireland, t2.micro (aina ya seva ndogo), running, Novemba 2018. Tarehe ile hubadilika ukiisimamisha seva na kuiwasha tena, kwa hivyo mashine hii haikuwahi kusimamishwa tangu Maalim alipoiwasha. Nikaulizia matumizi ya CPU, yaani inavyofanya kazi, kwa saa. Imelala mchana kutwa na usiku kucha, isipokuwa saa sita ya usiku kwa saa za UTC, saa za kimataifa, ambapo inaruka. Kwetu ni saa tisa usiku. Kila siku, bila ya kukosa.

Steampipe inasoma tu, haifuti. Lakini kuna programu nyengine ya SQL, StackQL, na hiyo ina DELETE ya kweli: unataja kanda, unataja kitambulisho cha seva, na mashine inaondoka kama unavyofuta mstari kwenye jedwali. Nilikuwa nayo. Nikamwonesha Bi jinsi sentensi yenyewe ilivyo fupi. Akaisoma mara mbili, akauliza, "Na ukiifuta, unairudisha vipi?"

Nikamwandikia Maalim. Muscat wako saa moja mbele, nikajua daku atakuwa macho. Alijibu kwa sauti, nasikia vijiko nyuma yake: "Yakhe, hiyo ni ya madereva. Inakusanya wageni wa siku hiyo na kuwatumia meseji kabla ya alfajiri. Waulize wao kama bado wanaihitaji."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Zenye duara tulizifuta kwa siku chache, baada ya kuuliza hoteli moja moja, diski tukazichukulia nakala kwanza, anwani tukazirudisha. Ankara ya Aprili Bi aliisoma bila ya kusema neno, na kwa wanaomjua hiyo ni sifa.

Kisha nikenda uwanja wa ndege, Kisauni, kuwaona madereva. Vijana wakanionesha kundi lao la WhatsApp, wala hawakujua kama kuna meseji nyengine. Mzee mmoja akatoa kitochi mfukoni, vitufe vimefutika namba, akanifungulia meseji ya alfajiri ile: jina la mgeni, saa ya ndege, Jambiani. "Mie hii ndiyo ofisi yangu," akasema. Nikamuuliza kama tukimpa simu ya kioo. Akasema macho yake hayawezi, na kitochi kinakaa na chaji wiki nzima.

Mashine yenyewe ni kama dola 9 kwa mwezi, na sasa 3.6 za anwani juu yake. Ningeweza kuihamishia mahali pa bei nafuu, lakini Maalim aliiandika kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu, ambalo iliachwa rasmi mwanzoni mwa 2020, na kuihamisha ni kuiandika upya kwa ajili ya mzee mmoja, labda wawili. Kuiacha hivyo nako si sawa, mlango uko wazi kwenye intaneti na programu haipati tena marekebisho ya usalama. Nimeshafikiria pande zote mbili na kila upande una haki.

Bi kwenye safu ya Ya nani ameandika "mzee wa kitochi, Kisauni", kwa kalamu ya wino. Kila mwisho wa mwezi akifika mstari ule ananiuliza nimeamua nini, nami namwambia bado, Bi.