Kalamu za kaktasi na rezini: kausha kwanza, kereza baadaye

Kalamu hizi hutengenezwa kwa kumimina rezini (plastiki ya maji inayoganda) kwenye kiunzi cha kaktasi ndani ya kalibu, kisha kukikereza kipande kilichoganda. Kipande cha kaktasi kikipasuka kwenye mashine ya kukereza, lawama huiangukia patasi. Mara nyingi patasi haina kosa. Kipande kiliharibika tangu kilipokuwa kwenye kalibu. Kwa hapa Dar es Salaam, unyevu ndio wa kuutilia shaka kwanza, maana hewa ya pwani huingia ndani ya mti hata ukiwa umeuweka kabatini.

Kaktasi inayotumika ni cholla, inayoota kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na Meksiko. Ikifa, nyama yake huoza na kubaki kiunzi cha mti chenye matundu pande zote. Matundu hayo ndiyo yanayojazwa rezini ya rangi. Huku haioti, kwa hiyo ni ya kuagiza. Mnyaa haufai kuwa mbadala: hauna kiunzi cha namna hiyo, na utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Ukikosa cholla, bora mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Mpingo una mafuta, ufute kwa asetoni kabla ya kumimina, la sivyo rezini itabanduka.

Safisha kiunzi kwa brashi ya waya na bisibisi nyembamba mpaka mchanga na masalia ya nyama yatoke matunduni. Mchanga ukibaki utaua makali ya patasi. Kisha kiweke kwenye oveni, nyuzi 105 za Selsiasi, ukikipima kwa mizani ndogo kila baada ya saa moja. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Kipoe ndani ya mfuko uliofungwa usipitishe hewa, kisha mimina siku hiyohiyo. Ukikiacha mezani usiku kucha, kazi ya oveni imepotea. Rezini ya poliyurethani ikikutana na maji hutoa gesi ya kabonidioksidi, na kipande hujaa povu. Epoksi huvumilia unyevu zaidi, ila huchukua muda mrefu kukauka, na joto la hapa hupunguza muda wa kuikoroga na kuimimina.

Kalibu ya milimita 20 kwa 20 kwa 140 hubeba mililita 56. Kaktasi nayo inachukua nafasi yake, lakini changanya zote 56, kwa sababu rezini hushuka ikisukumwa kuingia matunduni. Kaktasi huelea, hivyo ishikize chini kwa gundi ya moto kabla ya kumimina. Kwa rangi, bluu ya bahari na kijani huupendeza sana ule ukahawia wa cholla. Nyekundu huufifisha, na sioni sababu ya kuitumia. Ukitaka rangi mbili zionekane kwa mistari, subiri rezini ianze kuwa nzito kidogo. Ikiwa nyepesi mno zitachanganyika ziwe rangi moja.

Weka kalibu kwenye chungu cha presha (chombo cha kusukumiwa upepo, si sufuria ya jikoni), psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60, mpaka rezini igande kabisa. Usizidishe presha iliyoandikwa kwenye chungu, na usifungue kifuniko kabla upepo haujatoka wote. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ya kitambaa haisaidii kitu.

Kalamu nyembamba ya kuzungusha hutumia mirija miwili ya shaba yenye urefu wa milimita 53 hivi, na biti (chuma cha kutobolea) ya milimita 7. Kata kila kipande milimita 60. Toboa kwa kasi ndogo, ukiitoa biti kila baada ya milimita chache ili maranda yatoke na biti ipoe. Rezini ikipata joto huvutika, tundu hupanuka, na mwisho kipande hupasuka pale biti inapotokea. Dawa yake ni kuacha kipande kirefu, kutoboa bila kufika mwisho, kisha kukata ncha.

Paka rangi ndani ya tundu na juu ya mrija kabla ya kugundisha. Kalamu ikikamilika, ukuta wa rezini hubaki chini ya milimita moja, na shaba isiyopakwa rangi itaonekana wazi. Kwaruza mrija kwa msasa wa 150, tumia epoksi, na hakikisha hakuna pengo: palipo na pengo ndipo patakapomeguka. Sawazisha ncha za kipande mpaka shaba ing'ae, usipite hapo.

Kwenye mashine, ukikaza mno kichwa cha nyuma, mandreli (fimbo ya chuma inayoshika vipande) hupinda na kalamu inatoka ya yai. Anza kasi ya mizunguko 1,500 hivi, malizia 2,500, patasi ikiwa kali na ikila kidogokidogo. Karibu na bushi (vipete vya chuma vinavyoonyesha unene wa mwisho) punguza zaidi, pima kwa venia (kipimio cha unene). Matundu yaliyojitokeza jaza kwa supagluu nyembamba.

Msasa ni wa maji, kuanzia 400, halafu 600 na 800, kisha pedi laini hadi 12,000. Simamisha mashine kila hatua na upige msasa kwa urefu. Mti hunywa maji kwenye msasa, kwa hiyo ufunike kwanza kwa tabaka kadhaa za supagluu.

Kuunganisha kufanyike kwa jiliwa lenye mbao mdomoni. Ingiza mtambo wa kuzungusha (unaotoa na kurudisha wino) kidogokidogo, ukijaribu mrija wa wino kila mara, mpaka ncha ya kuandikia itokeze milimita 3. Ukiupitiliza, kuutoa bila kuvunja ni shida.