Kutoka kwenye viazi hadi udiwani: tulivyoitoa lumbesa kwenye kata yetu

Walioniambia siwezi kushinda udiwani bila "bajeti ya wajumbe" wapo hadi leo, na wengine nawauzia mbegu. Hesabu yao ilikuwa kwamba usiku wa kuamkia kura za maoni za chama kila mjumbe mpiga kura afikiwe na kitu kidogo. Hawakuwaza kwamba na mpinzani anapita nyumba zilezile, mjumbe anapokea kote kote, halafu TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, nao wana masikio. Mimi nilikuwa nanunua viazi Umalila, huku kwetu Mbeya, na kushusha Mbalizi kwa Fuso tangu ujana. Mjumbe ambaye hajaniuzia yeye, basi shemeji yake ameniuzia. Mnunuzi wa viazi huwa anadaiwa: unachukua mzigo, unalipa nusu, nusu inasubiri viuzwe Dar. Nikauza pikapu, nikafuta daftari lote la madeni kabla sijagusa fomu ya chama. Hiyo ndiyo ilikuwa kampeni, na ilinila milioni kadhaa, ila zilikuwa hela za watu.

Fomu za tume ya uchaguzi zinataka utulivu tu. Kwa diwani sheria inataka wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa kwenye kata hiyohiyo, na dhamana ya shilingi 5,000. Chukua wadhamini wa ziada, maana kuna aliyemdhamini mwenzako jana, na kuna aliyejiandikisha kwa mama mkwe kata ya pili. Namba zao nakili kutoka kwenye kadi ya mpiga kura yenyewe, usisomewe kwa simu. Kwa hakimu, kuapia fomu, nenda mapema. Siku ya mwisho utakuta foleni ya watu wanaotetemeka.

Siasa zangu ni za duka la kijijini: sipendi mkopo, na sipendi sheria mpya wakati ya zamani haijatumika. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ilishapigwa marufuku. Sheria ya Vipimo ipo, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia shambani. Na mimi huo mchezo naujua kwa sababu nimeuona ukichezwa kila msimu: gunia likijaa, mshonaji anatanua mdomo kwa wavu wa kamba, anapanga viazi vikubwa kwa duara, anapandisha kichwa hadi kifuani kwa mtu, anapiga kamba, halafu wapakiaji wanalipiga ngumi mbavuni ili liingie debe jingine. Mkulima analipwa gunia moja.

Ofisa mmoja, jina nalihifadhi, alinishauri tuweke kizuizi barabarani. "Piga marufuku tu, mheshimiwa, watazoea." Basi tukaweka boriti, mgambo wawili na kitabu cha faini. Wiki ya kwanza tulijiona serikali. Wiki ya pili magari hayakuonekana kabisa. Wanunuzi walikuwa wamehamia kata ya jirani, ng'ambo ya mto, na kule lumbesa ilikuwa inapaa. Nani aliwafuata? Wakulima wetu wenyewe! Usiku ukisikia bodaboda inalia kwa gia ya kwanza kwenye mteremko, ujue kuna viazi mgongoni. Mgambo wangu mmoja tulimkuta anasaidia kusukuma. Mzigo ulikuwa wa mama yake. Boriti ikaishia kuwa benchi la wachezaji wa bao.

Dawa ilikuwa sheria ndogo za vijiji, za kuisimamia ile ya zamani kwa mizani. Watu wanasubiri sheria ndogo ya halmashauri, ambayo ni lazima ipande kwa waziri Dodoma na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Ya kijiji haiendi huko: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, baraza la madiwani linaidhinisha, inaanza kazi. Inapokwama ni kwenye makaratasi. Muhtasari usio na orodha ya mahudhurio yenye saini unarudishwa. Faini iliyozidi kiwango inarudishwa. Mtendaji mmoja aliandika "wajumbe walijadili kwa kina" akafunga kikao. Mwanasheria wa halmashauri akauliza walijadili nini hasa. Na vijiji vyote vipitishe pamoja, tena mshawishi diwani wa jirani na vyake viingie, la sivyo unarudi kwenye bodaboda za usiku.

Barazani sikuongelea huruma kwa mkulima, kwa sababu huruma haipigiwi kura. Niliongelea ushuru. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya chakula ni asilimia 2, na getini kwetu walikuwa wanahesabu magunia. Gunia la kilo 140 likihesabiwa moja, halmashauri nayo imepunjwa zile 40. Mwenyekiti wa kamati ya fedha akavaa miwani.

Mizani ndiyo kila kitu. Ya jukwaa, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo wa mwaka huo, na ikae juu ya ubao uliolala sawa, si kwenye nyasi. Asubuhi ipimeni kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ikisoma tofauti, hakuna biashara hadi irekebishwe. Masika viazi vinatoka na udongo, na hapo ndipo mnunuzi anapodai "makato". Tulikubaliana viazi vipukutishwe kwenye turubai kwanza, kisha gunia tupu lipimwe mbele ya wote na uzito wake utolewe. Bila hivyo kila gunia lina kesi. Siku ya kwanza gulioni tulipandisha lumbesa moja iliyoshonwa vizuri kabisa, namba zikasimama kwenye 140 na ushee. Bibi mwenye mzigo akaniuliza, "Mwanangu, na wewe ulikuwa unatununulia hivi?" Nikamwambia ndiyo, bibi, wote tulinunua hivyo. Akacheka, akasema basi nimpimie na yaliyobaki.

Msimu huu wanunuzi wamekuja na lingine: gunia linapimwa kilo 100 safi, halafu wanaomba ndoo moja "ya kuonja" pembeni. Sheria yetu haikutaja ndoo. Vijiji viwili vimeshaingiza kwenye ajenda, na nimewaambia watendaji mahudhurio yasainiwe mapema, kabla watu hawajaondoka.