Picha za bure kwa tovuti ya biashara: masharti yake na uzito wake

Kuokota picha Google na kuibandika kwenye tovuti ya duka si kupata picha ya bure, ni kuchukua mali ya mtu. Google inakuonyesha kilichopo mtandaoni tu. Anzia kwenye hazina zenye leseni iliyoandikwa: Unsplash, Pexels au Pixabay. Zote tatu zinakuruhusu kutumia picha kibiashara bila malipo na bila kulazimika kumtaja mpiga picha, ingawa kumtaja ni uungwana.

Ila fungua macho. Pexels na Pixabay ziliingia mikononi mwa Canva mwaka 2019, na Unsplash ikanunuliwa na Getty Images mwaka 2021. Kwa hiyo picha za kuuzwa huchanganywa na za bure kwenye matokeo. Ukiona jina la iStock, au picha imepigwa mhuri wa Unsplash+, hiyo ni ya kulipia. Teremka chini, za bure zipo.

Makala nyingi za zamani bado zinadai picha za hapo ni za CC0, yaani zisizo na sharti lolote. Unsplash iliachana na CC0 mwaka 2017, Pixabay mwaka 2019. Leseni za sasa hazikuruhusu kuiuza picha yenyewe ilivyo. Kuifanya nembo ya kampuni pia ni kujitafutia balaa, maana huwezi kusajili alama ya biashara kwa picha ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia. Kosa linaloonekana zaidi ni kuweka uso wa mwanamitindo wa Pexels juu ya maneno "mteja wetu wa Mbezi anasema". Hilo linavunja sharti la kutomhusisha mtu na bidhaa asiyoijua, na mteja atakayeiona sura hiyo hiyo kwenye tangazo la benki hatakuamini tena.

Ukitaka Mji Mkongwe, soko la Kariakoo au bandari ya Mombasa, Wikimedia Commons, hazina ya picha ya wenye Wikipedia, ni tajiri kuliko hizo tatu. Huku kila picha ina leseni yake, kwa hiyo soma ya hiyo hiyo unayoichukua. Leseni za Creative Commons zinazoitwa CC BY na CC BY-SA zinadai uandike jina la mpiga picha, leseni pamoja na kiungo chake, na useme kama umeibadilisha. Mstari mmoja mdogo chini ya picha unatosha. Kwenye Openverse na Flickr, ambako pia hutafutwa picha zenye leseni hizi, utakutana na herufi NC: hiyo imekatazwa kwa biashara, iache.

Unapotafuta, usiandike "African business". Utaletewa ofisi za vioo ambazo hujui ziko wapi. Andika kitu chenyewe au mahali penyewe: kitenge, dhow, Arusha, Nairobi. Kisha kagua pembe za picha kabla ya kupakua. Soketi yenye matundu mawili bapa ya Kimarekani, usukani upande wa kushoto, noti za dola juu ya kaunta: msomaji wa Dar au Kisumu anaviona hivyo kabla hajasoma bei yako.

Picha za hazina zitumie kwa mandhari tu. Bidhaa unayoiuza, chumba unachokodisha na chakula unachopika vipige mwenyewe, hata kwa simu. Weka bidhaa kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, nyuma yake karatasi ya manila nyeupe, na zima taa ya ndani, maana mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu, weupe unageuka njano upande mmoja. Picha ikitoka kwa mtu mwingine, aitume WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa njiani, na ubora uliopotea haurudi. Za iPhone zikija kama faili za HEIC, zibadilishe ziwe JPEG, kwa kuwa vivinjari vingi havizifungui.

Kuhariri hakuhitaji Photoshop. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari na inafungua hata faili za PSD, yaani za Photoshop yenyewe. Kwenye simu, Snapseed inatosha kurekebisha mwanga. GIMP ni ya bure kabisa lakini ina mengi ya kujifunza. Kwa mtu wa picha kumi kwa mwezi naona ni mzigo. Canva ya bure ni nzuri kwa mabango, ila kufuta mandhari ya nyuma kumewekwa upande wa wanaolipa. Remove.bg inafuta bure, lakini inakupa toleo dogo: linafaa kijipicha cha bidhaa, halifai bango la juu.

Uzito ndio unaoharibu tovuti nyingi. Picha halisi kutoka Unsplash huweza kuwa na upana wa pikseli 5,000 na megabaiti kadhaa. Kuipunguza kwa kuivuta pembe ndani ya ukurasa hakupunguzi kitu: mteja bado anaipakua yote kwa bando lake. Fuata mpangilio huu: kata kwanza, kisha punguza upana, mwishoni bana, yaani punguza uzito wa faili. Bango la juu pikseli 1,920, picha ya katikati ya maandishi 1,200, kijipicha 600. Kubana, fungua Squoosh, chombo kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, chagua WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na anza na ubora wa 75. Sogeza kile kishikio cha katikati ulinganishe picha ya asili na iliyobanwa, ukiangalia anga na ngozi, kwani hapo ndipo mabaka hujitokeza kwanza. Bango lisizidi kilobaiti 200, nyingine ziwe chini ya 100. Usihifadhi picha ya kamera kama PNG. PNG ni ya nembo na michoro. Kwa picha ya kawaida faili linaweza kuzidi JPEG mara kadhaa. Faili la asili lihifadhi kando, maana kila unapohifadhi JPEG upya inachakaa kidogo.

WordPress tangu toleo la 5.3 hupunguza picha inayozidi pikseli 2,560, lakini hiyo bado ni kubwa kwa simu. Andika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili maandishi yasirukeruke ukurasa unapofunguka. Loading="lazy", agizo la msimbo linalosubirisha picha hadi msomaji aikaribie, iweke kwenye picha za chini tu; ukiiweka kwenye bango, unachelewesha kile mteja anachotakiwa kukiona kwanza. Na faili liitwe kitanda-mninga-6x6.webp, si IMG_4432.

Picha za wateja halisi zinahitaji idhini ya maandishi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Ujumbe wa WhatsApp wenye "nakubali picha yangu itumike kwenye tovuti" ni bora kuliko neno la mdomo; uhifadhi kwenye folda moja na picha. Kwa picha za hazina, weka humo humo kiungo, jina la mpiga picha, tarehe uliyopakua na picha ya skrini ya leseni, kwa sababu mwenye picha anaweza kuiondoa kesho ukabaki huna cha kuonyesha.