Gunia la Makala

Mwezi wa Machi mwaka jana nilialikwa kuzungumza mbele ya wanawake wapatao mia mbili katika ukumbi mmoja wa hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, katika zile siku ambazo mji mzima huvaa kitenge cha Machi 8 na kila chama cha akina mama hutafuta msemaji. Walioniita walikuwa wameniomba jambo moja tu, nalo ni kwamba nisimulie taabu nilizopitia. Nilisimulia. Nilieleza njaa ya kambini, mikate niliyoibeba kichwani nikiwa na miaka kumi, na kantini yangu iliyokufa mwaka 2008, na kila nilipofika mahali panapouma ukumbi ulinyamaza kwanza, kisha ukapiga makofi. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo aliyeketi safu ya nyuma alinyoosha mkono, akauliza: "Mama, wakati ule mlipokuwa mnapika mikate, gunia la makala lilikuwa bei gani?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu nilitambua papo hapo kwamba katika dakika arobaini za kusema sikuwa nimempa mwanamke yule kitu hata kimoja ambacho angeweza kwenda nacho sokoni kesho yake.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, makala ni yale ambayo wengine huyaita makaa, na mikate ni maandazi madogo ya mviringo yanayokaangwa katika mafuta asubuhi na mapema, ambayo watoto huyanunua wakielekea shule. Nusu ya mitaa ya Katuba na Kenya, ambavyo ni vitongoji vya mji wetu, huamka kwa harufu yake.

Nilizaliwa mwaka 1984 katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, wakati ambapo baba aliyeajiriwa alikuwa na nyumba, na mke wake alipokea posho ya unga. Miaka kumi baadaye hali hiyo ilikuwa imekwisha. Uzalishaji wa shaba wa Katanga, eneo letu la migodi, ambao katikati ya miaka ya 1980 ulizidi tani 400,000 kwa mwaka, ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Mgodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, uporaji wa 1991, ulioanzishwa na wanajeshi, ulikuwa umepita, na mshahara wa baba ulikuja pale ulipotaka wenyewe. Hata ulipokuja haukuwa na maana kubwa, kwa kuwa fedha yenyewe ilikuwa inayeyuka mikononi. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, moja ikibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani, na hiyo mpya nayo ikaanza kuoza kabla hatujaizoea.

Mama alianza kupika mikate mwaka huo. Hakuhesabu kwa fedha, maana bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Alihesabu kwa meka, yaani kopo tunalopimia unga: aliyeingia sokoni na meka tano za unga alipaswa kurudi jioni akiwa na uwezo wa kununua meka tano na kitu juu yake, na hicho kitu cha juu ndicho kilichokuwa chake. Fedha hazikulala nyumbani hata usiku mmoja. Alizigeuza unga na mafuta kabla jua halijazama. Nimekutana tangu wakati huo na watu wenye shahada za uchumi ambao hawakuwahi kunieleza jambo la mfumuko wa bei kwa uwazi huo.

Hata hivyo, ninapoulizwa kama taabu ile ndiyo iliyonifanya mfanyabiashara, ninajibu hapana, na jibu hili huwakera watu wanaoandaa mikutano. Taabu ilinifundisha woga. Nilikua mtu anayeficha noti katika kopo la maziwa na kununua bidhaa kidogo kuliko anavyoweza kuuza, na zaidi ya yote nilikuwa tayari kukubali lolote ili mteja asiondoke. Tabia hizo zote nilizipeleka katika biashara yangu ya kwanza nikidhani kwamba ni uzoefu.

Biashara hiyo ilianza kwa fedha za baba. Mwaka 2003 wafanyakazi wa migodi zaidi ya 10,000 walikubali kuondoka kazini kwa hiari na kulipwa kwa mkupuo mmoja, na baba alikuwa mmoja wao. Alipata dola 3,600, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Sitaeleza kwa kirefu zilivyoisha; bati jipya lilichukua sehemu, karo zetu za nyuma zikachukua nyingine, na basi dogo ambalo baba mdogo alilinunua kwa niaba ya ukoo lilifanya kazi wiki saba. Mama aliomba dola 150, akanipa mimi, na nikaanza kuuza unga wa mahindi kwa meka katika soko la Kenya.

Mwaka 2006 bei ya shaba duniani ilikuwa juu, wawekezaji walikuwa wamejaa, na viwanda vidogo vya kuyeyusha madini viliota kandokando ya mji kama uyoga wa Desemba. Nilifungua kantini karibu na kimoja, nikawa ninapika bukari, yaani ugali, samaki na majani kwa wafanyakazi sitini kila mchana. Walikula kwa deni na kulipa mwisho wa mwezi. Hakuna aliyenilazimisha, mimi mwenyewe niliwapa deni hilo, kwa sababu niliogopa kwamba nikidai fedha mkononi wataenda kwa mama mwingine. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba, ambayo katikati ya mwaka ilikuwa imepita dola 8,000 kwa tani, iliporomoka hadi karibu dola 3,000, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Nilifika Jumatatu moja ya Desemba nikiwa na sufuria zimejaa, nikakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Daftari langu lilionyesha kwamba ninadai dola 1,140. Katika hizo nililipwa dola 65, na mmoja wa walionilipa alinitafuta miaka minne baadaye, jambo ambalo bado linanishangaza.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kosa langu lilikuwa wapi. Nilidhani nimefilisiwa na London, mahali bei ya shaba inapopangwa. Aliyenionyesha vingine ni mama mmoja mstaafu wa uhasibu, jirani wa dada yangu, ambaye aliomba kuona daftari langu akalisoma kwa utulivu kama anavyosoma Zaburi. Aliniambia kwamba sikuwa na kantini, bali benki inayokopesha bila riba kwa watu sitini wanaolipwa na tajiri mmoja, na kwamba tajiri huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa pekee, ingawa hakuwahi kula kwangu. Kisha alichora safu tatu katika kaye, yaani daftari la shule: kilichoingia, kilichotoka, na kilichotoka bila mimi kukiona. Safu ya tatu aliiacha tupu, akaniambia nirudi nayo baada ya wiki mbili.

Nilirudi nayo. Nikaanza upya mwaka 2009 kwa likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ya wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa dola kumi kwa wiki, na zamu yangu ilikuwa ya tatu. Nilipika kwa ajili ya misiba na harusi, nikidai nusu ya malipo kabla ya kuwasha moto, na mara tatu za mwanzo nilipodai hivyo sauti yangu ilitetemeka. Leo jiko langu lina wafanyakazi tisa. Njia ya kufika hapo haikuwa nyofu, lakini haina mengi ya kumfaa msomaji, isipokuwa kisa kimoja. Mwaka 2011 nilikwenda kufungua akaunti ya biashara katika benki moja, na karani, kijana mwenye adabu, aliniomba barua ya ruhusa ya mume wangu. Sheria ya Familia ya 1987 ndiyo iliyokuwa imesema hivyo: mke hakuweza kujifunga kisheria bila idhini ya mumewe. Mume wangu alisaini bila neno, ila alipoteza nusu siku ya kazi kwa ajili hiyo, nami nikaandika nusu siku hiyo katika safu ya tatu. Kifungu hicho kilibadilishwa kwa sheria ya Julai 2016. Hata hivyo, bado ninakutana na wanawake ambao hawajaambiwa, na wengine ambao wameambiwa lakini hupenda kubaki na kisingizio.

Kazi ya kuwashauri wengine sikuipanga. Ilianza mwaka 2017, wakati wapishi wawili wa mtaani waliponiomba niwaonyeshe kaye yangu, na sasa kila Jumamosi alasiri wanawake sita, na kamwe si zaidi ya sita, huketi chini ya mwembe uani kwangu. Vijana huniita kocha. Ninatoza, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya harusi na saa zangu tatu zina bei, na ingekuwa ajabu nifundishe watu kuhesabu saa zao huku zangu nikizitoa bure. Sisemi habari za ndoto wala za kujiamini. Kuna kumbi na vipaza sauti vya kutosha kwa hayo. Tunafungua kaye. Muuza unga ninamuuliza ana siku ngapi za akiba iwapo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, umbali wa takriban kilomita 90, itafungwa, kama Zambia ilivyofunga mpaka kwa siku chache mwezi wa Agosti 2024, na mara nyingi jibu ni siku mbili.

Yule mama wa ukumbini alikuja mwezi wa Aprili. Alikuwa anapika mikate 310 kwa siku na kuiuza faranga 200 kila mmoja, yaani faranga 62,000 inapokwisha yote. Unga, mafuta, sukari na hamira vilimgharimu 48,500, na aliamini kwa moyo wote kwamba faida yake ni 13,500. Tulipofika safu ya tatu alianza kusema polepole. Gunia la makala la faranga 45,000 lilimtosha siku tisa, kwa hiyo lilikula 5,000 kila siku. Maji yalikuwa 1,000, usafiri wa kwenda kununua unga 2,000, na mikate iliyoliwa na watoto nyumbani au kuchukuliwa na jirani "kwa kesho" ilifika 3,500. Zilibaki faranga 2,000, na katika hizo hakukuwa na senti ya binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye aliamka saa kumi za usiku kukanda unga na kusinzia darasani.

Hakulia, jambo nililomheshimu nalo. Aliuliza aanzie wapi. Bei hakuweza kuipandisha, kwa kuwa hatua ishirini kutoka kwake kuna mwingine anayeuza kwa 200. Tulianza na mbabula, yaani jiko la makala: ile ya bati iliyotoboka ilibadilishwa kwa ya udongo inayoshika joto, na gunia likaanza kufika siku kumi na tatu. Kisha akaongea na shule mbili zikubali kuchukua mikate 150 kwa pamoja asubuhi na kulipa hapohapo, na "kwa kesho" ikafutwa. Sasa anabaki na kama 6,000 kwa siku. Si nyingi, na binti bado anaamka usiku, ingawa siku tatu kwa wiki badala ya sita. Sijui kama itatosha. Nimemwambia hivyo.

Mwishoni mwa somo la tatu alinikumbusha kwamba sijajibu swali lake. Nilimwambia ukweli: hatukununua makala. Baba, katika miezi ambayo mshahara haukuja, alikuwa akienda msituni upande wa barabara ya Likasi, anakata miti na kuichoma mwenyewe, na kurudi na magunia juu ya baiskeli siku tatu baadaye akiwa amejaa masizi. Mama aliyatumia kama mtu anavyotumia mvua. Yule mama alinitazama, akasogeza kaye yake kwangu na kuniomba niandike.

Nilikwenda kwa mama yangu Jumapili. Ana miaka sabini na moja, na kumbukumbu yake ya bei ni kali kuliko yangu, mradi umwulize kwa meka. Gunia la makala mwaka 1994, alisema, lilikuwa sawa na meka nne za unga, na sisi tulimaliza gunia kwa juma. Nikaandika. Faida yake ya wiki, katika wiki nzuri, ilikuwa meka tatu. Nilirudia hesabu mara mbili, kisha nikamwonyesha: kila wiki kwa miaka karibu minne alipoteza meka moja, na kilichoificha hasara hiyo ni mgongo wa baba.

Alikuwa anabangua karanga, na hakuacha. "Nilijua," alisema. "Sasa ile iliyobaki bila kuuzwa, unafikiri mlikuwa mnakula nini usiku?"

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilitafuta safu ya kuiandika mikate hiyo, na mpaka karanga zikaisha sikuwa nimeipata.